Wageni wa Jumatano

Jumatatu, 13 Januari 1997

Mashuka na foronya zimeanikwa kabla ya saa moja. Nilikuwa nimejipaka sabuni kichwani mlango ulipogongwa. Ni yule mfanyabiashara wa Busia aliyesema angefika jana jioni. Jana nilimngoja mpaka chai ikapoteza rangi. Leo nilimfungulia nikiwa nimejifunga leso, povu likinitiririka shingoni. Akasema, "Wewe endelea tu, msichana. Mimi si mgeni."

Ni mgeni. Sijawahi kumwona maishani.

Nilimkaangia mayai huku macho yakiniwasha.

Tangu nimalize mtihani wa Kidato cha Nne, chumba changu si changu tena. Baba ni karani Malaba, kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, na wafanyabiashara wakimwambia wanaenda Nairobi kununua mitumba Gikomba, yeye huwaelekeza kwetu hapa Nairobi, mtaa wa Tena. Kitanda safi, kisha asubuhi chai, mkate na mayai. Wanalipa. Mama yuko zamu kiwandani, anapakia biskuti. Kwa hiyo kufungua ni mimi. Kupika ni mimi. Kulala kwenye kochi ni mimi.

Jambo lenyewe si gumu. Ugumu ni kwamba hakuna anayefika wakati aliosema. Hakuna hata mmoja.

Jumatano, 15 Januari

Nilienda chuoni. Ni chuo kidogo cha hoteli na upishi, mjini, juu ya duka la vitambaa. Nilisimama mlangoni muda mrefu, mpaka karani akaniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana, nataka kusoma.

Mahojiano ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Anayechelewa haingii. Masomo yataanza Februari.

Nilimwambia Mama wakati akila. Akasema tutaona. "Tutaona" ya Mama ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili.

Nataka kwenda. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba sikutaka sana. Nataka sana.

Ijumaa, 17 Januari

Mume na mke kutoka Bungoma. Walitarajiwa Jumapili. Wamekuja leo mchana kwa sababu walisikia barabara itafungwa, kisha haikufungwa. Kitandani alikuwa bado amelala yule wa Busia, ambaye alisema angeondoka jana.

Nimechoka kubahatisha. Nikachukua kadibodi, nikaandika kwa herufi kubwa: WAGENI WAFIKE KATI YA SAA NNE ASUBUHI NA SAA KUMI NA MBILI JIONI. Nikaigongomea ukutani.

Yule wa Busia aliamka, akaisoma, akacheka mpaka akaketi. "Dada, hiyo nenda ukamsomee dereva wa basi!" Mume na mke nao wakacheka. Mimi nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Kadibodi nimeitoa. Hasira bado.

Jumapili, 19 Januari

Baba ametuma habari kwa mtu aliyetoka Malaba. Mama Auma anakuja Jumatano na wenzake wawili. Huyu Mama Auma ndiye kiongozi wa akina mama wanaonunua marobota ya mitumba pamoja. Akipenda nyumba, wote watakuja, kila mwezi. Asipopenda, atawaambia wote.

Mama alilirudia hilo njia nzima kutoka kanisani. Alikumbusha na habari za Krismasi. Siku ile tulikuwa ibadani, mzee mmoja akafika mapema, akakaa juu ya mzigo wake mpaka jua likamchosha, akaenda kulala mjini. Huko Malaba akatangaza kwamba kwa Wafula, yaani kwa Baba, mgeni hupokewa na kufuli. Baba alichekwa kazini wiki nzima. Tangu hapo sheria za Mama ni mbili: nyumba isibaki tupu hata kidogo, na ufunguo usiende mkononi mwa mtu wa nje.

Nikamwambia kwamba Alhamisi ni mahojiano yangu. Akasema, "Watakuwa wamefika Jumatano. Alhamisi utaenda."

Amesema. Nimeandika.

Jumanne, 21 Januari

Nimepiga pasi sketi na blauzi nyeupe. Nimejizoeza kupanga meza kwa vijiko vyetu vitano.

Naanza kuogopa Jumatano.

Jirani yetu wa upande wa kushoto, Mama Hibo, ni Msomali, na hushona nguo za watoto nyumbani kwake. Cherehani yake naisikia kutwa. Haendi popote. Mtu wa namna hiyo angeweza kushika ufunguo. Nilimwuliza Mama. Akasema, "Ufunguo wangu nimpe mkimbizi nisiyejua kwao?"

Mama hajawahi kuongea naye. Mimi pia sijawahi, zaidi ya salamu. Leo nilitoka mpaka kwenye geti lake, nikarudi. Jioni nikatoka tena, nikarudi. Mimi ni mwoga. Hilo nalijua, lakini halinifurahishi.

Jumatano, 22 Januari

Asubuhi hawajafika.

Mchana hawajafika. Nimepika nyama.

Jua limezama, hawajafika. Nyama tumeila mimi na Mama.

Mama akasema kesho nitangoja. Chuo hakihami, akasema, mwaka ujao kitakuwa pale pale. Nikasema, "Sitangoja." Alinitazama kama mtu aliyejibiwa na redio. Nilirudia, kwa sauti ndogo, "Sitangoja, Mama. Uliahidi." Akasema yeye hakuahidi, alidhani. Akaenda kulala kwa sababu gari la kiwanda humchukua alfajiri.

Lakini nitaenda. Sijui vipi. Nitaenda.

Alhamisi, 23 Januari

Mengi. Nitaandika yote.

Mama alipoondoka nilivaa. Kwa Mama Hibo taa ilikuwa inawaka, kwa kuwa ni Ramadhani na wao huamka kula daku. Nilijiambia nikifika getini nisisimame, maana nikisimama nitarudi. Sikusimama. Nilibisha. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalipotea, nikasema tu, "Mama Hibo, shika ufunguo wetu tafadhali. Kuna akina mama watatu watakuja leo na mizigo. Wafungulie."

Akauliza, "Na wewe waenda wapi umependeza hivyo?"

Nikamwambia. Akafunga ufunguo kwenye pindo la shela yake, akaniambia niende, nisikimbie, nisije nikafika na jasho. Nilipomshukuru kwa Kiswahili cha polepole, kana kwamba hasikii, alicheka. "Mwanangu, mimi nimezaliwa Isiolo, hapa hapa Kenya. Ongea tu."

Niliona aibu njia nzima.

Chuoni tulikuwa wengi. Walituambia tukate karoti, tukunje vitambaa vya meza. Hayo niliyaweza. Kisha maswali, mbele ya walimu wawili. Jina langu, Nekesa Wafula, nililisema mara mbili, hawakulisikia. Mwalimu wa kike akauliza: mgeni akifika kabla ya siku yake, na chumba kina mtu, utafanya nini? Basi. Sijui ni nini kilifunguka. Nilisema kwanza ni kiti na maji ya kunawa. Kisha chai, maana mtu mwenye chai mkononi hagombani. Kisha umwambie ukweli kuhusu kitanda, usimdanganye kwamba kinatandikwa. Nilisema na mengine. Mwalimu akasema, "Inatosha, inatosha," akicheka, lakini si kama yule wa Busia alivyocheka.

Nilirudi mbio. Nyumba yetu imefungwa. Nilichungulia dirishani: chumba kitupu, mashuka hayajaguswa.

Ndipo nikasikia vicheko kwa Mama Hibo.

Wako pale! Mama Auma na wenzake wawili, wameoga, wamekaa kwenye mkeka, chai na mayai mbele yao, watu wa nyumba hiyo wakiwa wamefunga. Marobota yamejaa ukumbini mwake. Mama Hibo amewatandikia magodoro. Nilipomwuliza kwa nini hakuwafungulia kwetu alishangaa. "Niwaache na kuta? Wageni?" Mama Auma akanipungia mkono. "Sisi hapa tumefika, mama. Hatutoki!"

Nilichukua ufunguo nikarudi nyumbani.

Mama aliporudi nilimwambia kila kitu. Sitaandika aliyoyasema yote. Kwamba nimempa jirani ufunguo na wageni kwa siku moja. Kwamba chumba ndicho kingelipa karo, na sasa nimekitoa bure. Kwamba chuo nikisahau.

Sijalia. Nitalia kesho nikipata nafasi.

Ijumaa, 24 Januari

Mama aliondoka bila kuniaga.

Cherehani ya jirani inalia, wageni wanacheka. Nilikuwa na uchungu na Mama Hibo. Kisha nikaona si haki. Nilimwambia awafungulie, sikumwambia kitu kingine. Mtu hawezi kufanya kazi ambayo hajaelezwa kwamba ni kazi.

Kwa hiyo nitamweleza mimi mwenyewe.

(Baadaye, baada ya chakula.)

Nilikaanga viazi, nikavipeleka kwake jua lilipozama, wakati wa kufuturu. Mama Hibo alikuwa jikoni peke yake. Nilimwambia nikitazama sahani. Kwamba wale wageni hulipa. Kwamba ndiyo kazi yetu. Kwamba bila kazi hiyo mimi siendi chuo.

Aliweka mkono mdomoni. "Wanalipa? Walale, walipe? Nyumba yenye mama ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Ya Rabi! Mimi nilidhani ni shangazi zako!"

Akatoka mpaka ukumbini akawauliza akina mama. Nao wakashangaa. Mama Auma alisema walipofunguliwa geti na mtu mwenye ufunguo wa Wafula walijua hapa ni kwa Wafula. Walikuwa wakisubiri kuambiwa bei. Mwenzake mmoja akasema yeye aliona ajabu kidogo, Baba Nekesa hakuwahi kusema ana wake wawili. Walicheka mpaka Mama Auma akalala kwenye mkeka akishika tumbo. Mimi pia nilicheka. Sikutarajia.

Mama Hibo hakungoja. Alibeba robota moja kichwani yeye mwenyewe, sisi nyuma yake na mengine, mpaka kwetu. Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, bado na koti la kiwandani.

Mama Hibo akatua mzigo. "Mama Nekesa, binti yako alinipa ufunguo, kazi hakunipa. Nifundishe."

"Kazi gani? Ya kufungua mlango?"

"Kufungua najua. Ni kupokea pesa ndiyo sijui."

Mama alijikaza. Nilimwona anajikaza. Halafu mdomo ukamponyoka pembeni, akacheka, akageuka haraka kana kwamba kuna sufuria inaungua. Hakukuwa na sufuria.

Wageni wamelala kwetu. Mimi niko kwenye kochi. Mama hajasema lolote juu ya chuo.

Jumapili, 26 Januari

Mama Auma na wenzake wameondoka. Walisema wangeondoka kesho. Hata kuondoka hawajui saa.

Amesema watarudi, wote. Ila akifika anataka kwanza apite kwa Mama Hibo akasalimie.

Mama alisikia. Akaendelea kukunja mashuka, bila ukali wa juzi.

Jumatatu, 27 Januari

Majina yamebandikwa ukutani chuoni. Langu lipo. Nililigusa kwa kidole nione kama ni lenyewe.

Nilimwambia Mama nikiwa nimesimama, ili nisirudi nyuma. Nikasema kozi ni ya miaka miwili, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikasema nitaamka kupika chai kabla sijaondoka, na jioni nitafua. Lakini mchana sitakuwepo, na nisipokuwepo wageni watakuja, kwa sababu hawajawahi kuja wakati mwingine. Nikasema siwezi kukaa nyumbani miaka yangu yote nikingoja mtu abishe.

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa mara moja.

Mama aliuliza tu, "Huyo mwanamke hutoka lini?"

Nikasema hatoki.

"Hata sokoni?"

"Hutuma mtu."

Akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 30 Januari

Hakuna mgeni. Hakuna la kuandika. Nimelala kitandani mwangu.

Jumamosi, 1 Februari

Mama ameenda mwenyewe kwa fundi wa funguo, mtaa wa Umoja. Nilidhani ameenda kununua sukari. Alirudi na ufunguo mpya, akapita mbele yangu, akatoka tena, akaenda kwa Mama Hibo. Alikaa huko mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Aliporudi alikuwa na sambusa kwenye sahani ya watu.

Amesema wamekubaliana. Mchana ni Mama Hibo, na kwa kila mgeni atakayempokea atapata sehemu yake. Ikawa vuta nikuvute, kwa sababu alikataa, Mama akashikilia, na Mama akishikilia jambo najua mimi. Wageni watafunguliwa kwetu, watakaa kwetu, chai yetu. Ila Mama Hibo amesema mtu akifika peke yake yeye atakuja na kushona kwake akae naye. Hilo Mama hakuliweza.

Kuhusu mimi alisema, "Hiyo aproni ya chuo utaishona au utainunua?"

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya kwanza chuoni. Tumefundishwa kunawa mikono. Saa nzima, kunawa mikono. Nimefurahi kama mjinga.

Nilijiuliza mara nyingi ni nani anabisha nyumbani. Mwalimu akanikumbusha nitazame mbele.

Ijumaa, 21 Februari

Nimerudi nimechoka, miguu inauma. Nilikuwa natafuta ufunguo kwenye mkoba mlango ukafunguka kutoka ndani. Mzee mmoja, mrefu, amevaa malapa ya Baba. Simjui. Nyuma yake, sebuleni, Mama Hibo alikuwa akikunja vitambaa vyake.

"Karibu, mwanangu," mzee akasema. "Umetoka mbali? Ingia. Chai iko."

Mama Hibo alinikonyeza.

Nikaingia. Nikakaa kwenye kiti cha wageni. Mzee akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanisogezea mkate. Akaniuliza kama nitakaa siku nyingi. Nikasema mpaka nimalize chuo. Akasema vizuri, hapa ni pazuri, watu wa hapa hawakuachi peke yako.

Nilikunywa chai yote.