Chupa ya Mama Aline

Kinama, Jumanne usiku

Nina wivu, na humu daftarini sitaki kuuficha. Watoto wangu wote wawili wanabanwa na kifua. Leo zahanatini, Kelvi ana miaka mitatu, akapewa dawa bure kama wote walio chini ya miaka mitano. Divine ametimiza sita, basi muuguzi akasema, "Huyu ni mukubwa, analipiwa." Sikuwa na kitu.

Nyuma yangu kwenye foleni jirani, Mama Aline, akatoa kadi ya bima ya mume wake, mtumishi wa serikali. Aline wake anaruka kamba na Divine, wamelingana umri. Mama Aline akatoka na chupa ya dawa ya kifua ya mwanawe. "Pole, Mama Divine." Nikamjibu asante, huku moyoni natamani ile chupa imponyoke ivunjike.

Njiani Divine akaniuliza, "Mama, mi siwezi kurudi mudogo?"

"Apana, mwanangu."

Nikamshika Kelvi mkono, nikamfunga Divine mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Watu walicheka. Wacheke tu.

Mama Aline hajaniibia kitu. Lakini kifua cha Divine na cha Aline vina tofauti gani? Sasa namsikia Divine anavyovuta pumzi, na...

Kesho tunarudi palepale. Sitaomba huruma. Nitadai dawa ya mtoto wangu.