Nani Anamaliza Karatasi za Jikoni?

Jumatatu, 3 Machi

Roli ya karatasi za jikoni niliitundika Jumamosi asubuhi. Leo nimenyoosha mkono, nimeshika bomba tupu la boksi la katikati. Siku mbili! Hii ni nyumba au hospitali?

Wala si kwamba mimi mchoyo. Nina utaratibu wangu. Nusu karatasi ya kumkausha samaki kabla hajaingia kikaangoni, maana samaki mwenye maji anakurushia mafuta mpaka kwenye kope. Moja ya kuchujia mafuta ya viazi. Moja naviringishia mboga za majani ndani ya friji zisinyauke — na hiyo haitupwi, naianika dirishani, kesho yake inafuta jiko. Cherehani nikiitia mafuta, nashona mishono miwili mitatu juu ya kipande cha karatasi, mafuta yaishie pale, si kwenye gauni la mteja. Basi. Sina makuu.

Wengine sasa! Mume wangu ni fundi friji, anarudi na mikono imejaa grisi, anachomoa tano kwa mpigo kama anakata tiketi. Nimemuuliza. Kasema karatasi ni karatasi tu, kwani inasoma? Binti yetu nimemshuku kwa rangi za kucha. Kaapa kwa miungu yote kwamba anatumia pamba.

Mama mkwe alikuwa palepale mezani anamenya vitunguu saumu. Yeye simhesabu. Anachukua moja, anaikunja vizuri, anaichomeka kwenye mkono wa gauni. Mafua yake hayo hayaishi.

Jumanne, 4 Machi

Roli mpya nimeipandisha juu ya kabati. Nione nani ana mikono mirefu.

Halafu — kalamu yangu nene, ile ninayoandikia vipimo kwenye karatasi za kukatia nguo, haipo! Nimepekua kikapu cha nyuzi, nimeinua cherehani, nimepiga magoti nikatazama chini ya meza na mgongo wangu huu. Haipo. Nimepima nguo za shule za watoto wanne leo, nimeandika kwa penseli ya binti, inafutika ukiitazama tu.

Mume wangu kacheka. Kaniambia niweke kufuli jikoni na mlinzi mlangoni. Nimemwambia wa kwanza kukamatwa na mlinzi huyo atakuwa yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa hasira.

Wifi kapiga simu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mkuu wa shule, na akiongea na mtu yeyote ni kama kamsimamisha mstarini. Kwanza kaongea na mama yake. Mama kwenye simu usimwone! Miaka thelathini alikuwa opereta wa simu, sauti bado tamu, "Halo, ndiyo, nakusikia vizuri sana, na huko je?" Kacheka panapostahili, kaitikia panapostahili. Kisha nikapewa mimi.

Eti kasikia naficha karatasi juu ya kabati, mama yake apenge kamasi kwa nini, kwa ukuta? Nikajua papo hapo nani katoa umbea. Mume wangu kampigia dada yake jana, kaona ni kichekesho cha kumsimulia! Nikajaribu kueleza. Hakuna kueleza. Kasema mama yake amezeeka vizuri, akili timamu, hastahili kuishi kwa kunyimwa na kelele za cherehani kutwa. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumchukua. Kwake vyumba vinne, utulivu.

Utulivu! Wote kule wanatoka alfajiri wanarudi jioni. Mama atakaa na nani, na mapazia?

Miaka kumi na tisa namwogesha mgongo, namkata kucha, najua anapenda mto gani. Leo mimi ndiye mnyimi wa kamasi!

Jumamosi, 8 Machi

Mwizi nimempata.

Binti yuko kwa rafiki yake, mume kazini, Mama ameketi uani kwenye jua. Nikaona nimgeuzie godoro. Nimeliinua — karatasi! Karatasi za jikoni, zimenyooshwa, zimepangwa, zimejaa chini ya godoro lote kama majani makavu. Na kalamu yangu nene ndani ya soksi.

Moto ulinipanda. Nimetukanwa kwenye simu na mtu mzima mwenzangu, kumbe mama yake ndiye! Nikakusanya fungu zima, nikaelekea mlangoni nimpelekee uani, nimuulize mbele ya kuku.

Kisha nikaona zimeandikwa.

Mwandiko wake ule wa ofisini, herufi zimesimama wima, ingawa wino umeenea kwenye karatasi kama mizizi. Nanakili hapa chache.

"Jiko. Kulizima, geuza kulia hadi ligote. Kisha nusa."

"Asubuhi umekula. Ukisikia njaa, ngoja mtu akuite."

"Msichana mrefu ni mjukuu. Anapenda kuchekesha. Cheka."

"Wa cherehani ni mke wa mwanangu. Ni mwema. Jina likikataa, mwite mwanangu."

"Mwanamume wa grisi ni mwanangu wa pili. Si baba yake. Baba yake amefariki. Usimuulize tena yuko wapi, wanatazamana."

Nilikaa kitandani. Miezi yote ananiita mwanangu, mwanangu, na mimi nikivimba kichwa, najiambia mkwe gani duniani anapendwa kama mimi.

Nimezirudisha zote. Nimelaza godoro. Kalamu nimeirudisha kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Nilitaka kunyamaza. Nimeshindwa. Mchana tumebaki wawili, nikamwambia nimegeuza godoro.

Kakasirika yeye! Kanikodolea macho kama nimemvua nguo sokoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mama. Nilitaka upate usingizi mzuri."

"Kwani nilikulalamikia usingizi?"

Kachomoa karatasi kwenye mkono wa gauni, kaitazama, kairudisha. Nikamuuliza kwa nini asiandike kwenye daftari, ningempa hata matatu.

"Daftari watu wanaliuliza," kasema. "Unaandika nini, hebu tuone. Bibi kizee ameshika karatasi ya kupengea, nani atataka kuiona?"

Nilicheka, naye kacheka, halafu uso ukamshuka. Kaniambia alikuwa anaunganisha ofisi mia tatu bila kufungua kitabu. Mtu akipumua tu kwenye simu anajua ni nani. "Sasa nasikia hatua zako kwenye korido, nasema, Mungu wangu, yupi huyu."

Nikasema twende kwa daktari. Kakataa. Nikasema basi tuwaambie wanao. Hapo kanishika mkono, kwa nguvu nisizozitarajia.

"Yule mkubwa asijue. Niahidi. Akijua atanifungia ndani na funguo atatembea nazo."

Nimeahidi. Ningefanya nini?

Lakini nina hasira. Nina hasira na nafsi yangu. Mtu anazama mbele ya macho yangu na mimi nahesabu karatasi!

Jumatano, 12 Machi

Nimenunua roli mbili. Moja nimeitundika chumbani kwa Mama, karibu na kitanda. Mume wangu kauliza nimepatwa na nini, malaika wamenitembelea?

Leo saa nane nimepeleka nguo za shule mtaa wa pili, nusu saa tu. Narudi, gesi inanukia toka getini. Swichi ya jiko imefunguliwa mpaka mwisho, moto hakuna. Mama kasimama palepale na sufuria ya maji mkononi, katulia, kama mtu anayengoja basi. Kwenye kidole kabana karatasi yake: geuza kulia, kisha nusa. Kageuza. Upande sio. Na pua imeziba!

Nilifunga, nikafungua madirisha yote, nikamtoa uani. Yeye kaniuliza chai imechemka?

Jioni nikamwambia mume wangu Mama anahitaji daktari. Sikusema sababu, nimeahidi. Kasema ni uzee tu, mke wangu, hata mimi nasahau bisibisi. Bisibisi! Jana Mama kamuuliza mara tatu kama mvua imenyesha, mara zote tatu kacheka, kaona mama yake ni mchekeshaji.

Jumamosi wifi anamchukua. Kule jiko lina swichi nne.

Alhamisi, 13 Machi

Nimevunja ahadi.

Asubuhi kabla mume wangu hajatoka, nimemwambia yote, gesi na yote. Kabisha. Kasema nina hofu za kike. Basi nikaenda nikachomoa ile moja chini ya godoro, ile ya baba yake, nikamwekea mezani mbele ya chai.

Kasoma. Kasoma tena. Katoka uani kwenye friji ya mteja aliyoimaliza jana, kaanza kuifungua skrubu moja moja, kuifunga, kuifungua. Nimemwacha. Aliporudi macho mekundu, kasema ni kweli, mwaka jana Mama alimuuliza baba yuko wapi, akadhani anaota.

Nikasema vizuri, mpigie dada yako.

Unajua kanijibu nini? "Mwambie wewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

Hee! Ya kusimulia vichekesho vya karatasi simu anaiweza, dakika arobaini. Ya kusema mama yetu anaumwa, simu imekuwa nzito! Mimi ndiye nimwambie, mimi niliyeitwa mnyimi, ili nisikie namzulia mama yao wazimu? Nimemwambia dada ni wako, mama ni wako, mdomo ni wako. Kaondoka na mkoba wa vifaa bila kumaliza chai.

Mama kutwa nzima kaniangalia kwa jicho la pembeni. Sijui kama anajua nimesema. Sijui kama anakumbuka niliahidi. Na sijui lipi kati ya hayo linaniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tano asubuhi. Naandika jikoni, mlango nimeurudishia.

Wifi kafika saa nne kamili, viatu vya kazini hata wikendi. Mume wangu? Kaitwa ghafla kwenye friji ya bucha. Ghafla! Simu haikulia hata mara moja, nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Nikajikaza. Nikamketisha wifi, nikamwambia pole pole, bila kumwaga yote. Gesi. Kusahau. Daktari. Kaniacha nimalize kama mwanafunzi anayesoma insha mbovu. Kisha kasema, "Wifi, nimeongea naye Alhamisi ya wiki jana dakika ishirini. Kaniuliza habari za shule, za wanafunzi, za mvua. Mgonjwa gani huyo?" Nikamwambia kwenye simu Mama yuko kazini, miaka thelathini ya kazi haijamtoka, ana maneno ya kumtosha yeyote anayepiga. Kasema nisimfundishe mama yake. Kasema kama ni lawama za wiki jana, yameisha, hana haja nimlipizie kwa kumzushia mama yake maradhi.

Kulipiza! Nilisimama nikaja huku, maana nilikuwa na kikombe mkononi na sikukiamini.

Toka hapo nasikia kabati la Mama linafunguliwa, hanga zinagongana. Mama yuko sebuleni, kavaa gauni la bluu nililomshonea, mkoba mapajani. Asubuhi nilipomfunga vifungo hakuniuliza tunakwenda wapi. Kaniuliza tu kama nywele ziko sawa.

—

Nimekatizwa. Wifi kaja mlangoni.

Hakubisha hodi. Kasimama tu, begi la Mama mkono mmoja, mwingine kashika kizingiti. Nikajua ni awamu ya pili.

"Wifi," kasema. Sauti si ile ya mstarini. "Nimemwambia Mama tuondoke. Kanishukuru sana. Kasema, mwalimu, nenda tu, usijisumbue. Binti yangu mkubwa anakuja kunichukua, nimngoje hapahapa." Kajaribu kutabasamu. "Ananitania, sivyo?"

Kanitazama. Anangoja nicheke.

Nilikuwa na maneno. Wiki nzima nimeyapanga, makali, moja juu ya lingine. Nimemvutia kiti tu. Kakaa. Begi hajaliweka chini, kalikumbatia magotini.

Sebuleni Mama anaita, kwa ile sauti yake tamu ya opereta, anauliza huyo mwalimu ameshapewa chai. Anauliza tena. Wifi kanigeukia, begi bado kalikumbatia, nami naweka kalamu chini, nibandike chai —