Kitufe cha Funga

Mdogo wangu, Fundi Bisibisi,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na wifi yangu, na kile kikohozi chake kiwe kimekwisha. Huku mama hajambo, ila analalamika hupigi simu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Usingizi umenihama, na nitakueleza kwa nini, lakini soma mpaka mwisho kabla hujanipigia kunifokea.

Unakumbuka ulipokuja kunitembelea hapa kazini, kituo cha magari ya wagonjwa, ukanikuta nahangaika na madirisha ya kompyuta, naitafuta ramani huku dereva ananisubiri hewani? Ukaniwekea ile programu ya kuongeza vitufe juu ya kila dirisha. Kwa utundu wako ukavipa majina ya kwetu: Potea, cha kulificha dirisha, Sogea Huko, cha kulisukuma pembeni, na Funga, cha kulibana juu ya mengine yote, kama mbuzi anavyofungwa kamba asitoroke. Tulicheka wee!

Kweli vilinifaa. Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Mama Pole maana hata aliyekosea namba humpa pole, alikuwa likizo wakati huo. Siku aliyorudi nilimwachia kiti mbiombio, nikamwonyesha tu kwamba kuna vitufe vipya, atavizoea. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikumbuka?

Basi akamaliza kazi moja, akataka kulifunga dirisha lake. Akaona kitufe kimeandikwa Funga. Wewe ungefanyaje? Akabonyeza. Dirisha likaganda juu, limejaa kioo kizima. Akadhani kompyuta inasuasua kama kawaida yake, akangoja. Ujumbe uliofuata kutoka kwa wapokea simu wa chumba cha pili ukaingia chini ya dirisha lile. Mlio aliusikia, akatazama, hakuona kitu. Ulikuwa wa seremala mmoja aliyeanguka kwa kiharusi katika karakana yake. Gari liliondoka mkewe alipopiga simu mara ya tatu. Yu hai, lakini hasemi, na mkono wake wa kushikia randa umelala.

Sasa Mama Pole anashtakiwa kwa uzembe. Jumatatu wanaamua, na akifukuzwa kwa kosa hilo hakuna kituo kitakachompokea tena. Katika kikao cha kwanza alilia, akasema alibonyeza Funga. Mkuu wa kituo akamwita fundi aiwashe kompyuta mbele ya wote. Hakikuwapo kitufe chochote cha jina hilo. Watu wakaguna, na mmoja akasema labda alikiota. Mama Pole akanigeukia, akaniomba niwaambie, maana mimi ndiye niliyemwonyesha. Nikasema sikumbuki.

Ndugu yangu, nilivifuta mimi. Niliposikia habari za seremala niliwahi kufika kabla ya mkuu, nikaing'oa programu yote. Nilijidanganya kwamba nalilinda jina lako. Jina lako wapi! Nilijiogopea mwenyewe. Na baada ya kikao Mama Pole akanikuta mlangoni. Nilijua atanitukana, na ningeshukuru. Akaniambia pole, anaona siku hizi sina raha.

Kwa hiyo nakuomba, ile nakala ya programu uliyobaki nayo, yenye majina uliyoyaandika kwa mkono wako, nitumie kabla ya Jumatatu. Nitairudisha palepale mbele yao, nimwombe mkuu alifunge dirisha yeye mwenyewe, aone atabonyeza nini. Halafu nitasema nani alikiweka na nani alikiondoa. Nakujua wewe, utataka kunisitiri. Utaniandikia Bana, au Shikilia, ili kosa lionekane dogo. Usithubutu! Kiache vilevile, Funga.

Msalimie sana wifi. Mama usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe nikirudi nyumbani sina kazi.

Ni mimi dada yako,
Mdomo Mkubwa, niliyenyamaza siku isiyofaa