Programu Mbili za Kupanga Mkutano Mkuu

Ruiru, Alhamisi, Agosti 1997

Bado sijui kesho nitaiambia nini kamati. Wanataka nichague programu ya kompyuta ya kupanga mkutano mkuu wa chama chetu cha kahawa, kazi ambayo marehemu mke wangu, Nyambura, aliifanya kwa kichwa tu. Leo nimeonyeshwa mbili, katika duka moja huko Thika.

Ya kwanza ilimfuta Kamau Njoroge mmoja katika orodha ya wanachama. "Mzee, huyu umemwandika mara mbili," kijana wa duka akasema. Nikamweleza kuwa mmoja ni babu na mwingine ni mjukuu wake, aliyepewa jina lake kama ilivyo desturi yetu.

"Si mngemtafutia jina lingine, guka?" akanitania, akiniita babu kwa Kikuyu.

Ya pili iliwakubali wote wawili, kisha ikapanga viti kwa kufuata jina la baba, ikawaketisha pamoja ndugu wawili walioshtakiana kortini kwa sababu ya shamba. Nyambura angemweka mmoja karibu na mlango, mwingine karibu na chai. Nikikosea, mkutano utavunjika, na mimi...

Mwishoni iliuliza jina la msimamizi. Nikaandika Nyambura.

"Huyo mama atakuja lini tumfundishe?" kijana akauliza.

Nikasema nitamuuliza.