Pumzi za Yonas

Daudi, Mbulu
9 Juni 2003

Kwako binti yangu Marieta,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi na mama yako tu wazima, ila mgongo wangu haupatani na baridi ya mwezi huu. Natumaini vumbi la ghala la mbaazi halikusumbui. Tajiri wako alifanya vyema kukataza watoto humo.

Mwanao Yonas anakohoa tangu Jumatano. Usihangaike. Mama yako amehamishia kitanda chake jikoni, kando ya moto, nami nimeziba dirisha kwa gunia. Wewe ulilelewa hivyo hivyo, ukatembea kabla ya kutimiza mwaka.

Baba yako

Nangwa, Hanang
16 Juni 2003

Baba, shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu. Mimi sijambo.

Nakuomba, mtoeni mwanangu jikoni. Muuguzi wa kliniki ya hapa alitufundisha kwamba moshi huumiza mapafu ya mtoto, na kwamba kikohozi kikishuka kifuani huwa nimonia, kile tunachokiita kichomi. Fungueni dirisha, mfunikeni vizuri. Akiwa ametulia, chukua ile saa yako ya shule, uhesabu anapumua mara ngapi kwa dakika nzima. Mtazame na mbavu. Kisha uniandikie. Kondakta wa basi litakalobeba barua hii ananiita, naishia hapa.

Mwanao

Daudi, Mbulu
24 Juni 2003

Binti yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika baada ya siku sita. Mwandiko ni wa haraka, sikukufundisha hivyo. Hata hivyo nimetii.

Jumapili alipumua mara arobaini na sita. Jana hamsini na mbili. Leo asubuhi hamsini na nane. Kila hesabu nimeirudia, hakuna kosa. Mbavu za chini huzama anapovuta pumzi, na uji anaukataa. Mama yako anasema mtoto dhaifu asingekuwa na kasi ya namna hiyo. Tena ananitania kwamba tangu nistaafu nimekosa wa kuwaita mahudhurio, sasa naita mahudhurio ya pumzi.

Gunia bado lipo dirishani, kwa kuwa baridi ni kali. Nasubiri maelekezo yako.

Baba yako

Nangwa, Hanang
28 Juni 2003

Baba, shikamoo.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, mwisho ni arobaini. Nilidhani niliandika. Mbavu zikizama ni hospitali, si barua. Mpelekeni mara mpatapo karatasi hii, hata kwa kumbeba mgongoni. Basi la leo limejaa, kondakta amekubali kubeba barua tu. Mimi napanda la kesho.

Mwanao

Daudi, Mbulu
30 Agosti 2003

Kwako Marieta,

Nakusalimu, ingawa uliondoka matangani bila kuniaga na barua zangu mbili hukuzijibu. Mama yako hajambo kidogo. Hatanii tena.

Barua yako ya mwisho ilichelewa njiani, wewe ukatangulia kufika; niliipata siku mbili baada ya kumzika Yonas. Najua unachojilaumu: kwamba uliniambia nihesabu, hukuniambia mwisho wa hesabu. Usilibebe hilo. Mtu mzima akiona mbavu za mtoto zikizama hahitaji namba. Zahanati iko mwendo wa saa moja kutoka kwangu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwaambia wanafunzi kwamba asiyejua na aulize aliye karibu. Mimi nilimwuliza aliye mbali, nikakaa na saa mkononi kungoja jibu. Siku ya mwisho nilihesabu sitini na sita. Niliandika namba hiyo daftarini kwa wino, na tarehe.

Wiki iliyopita jirani yetu Tadei alinijia. Bintiye wa miaka miwili alikuwa na kikohozi. Nilihesabu arobaini na saba. Tadei akasema tungoje asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa. Nilimwambia, "Mimi nilingoja, Tadei." Nikamchukua mtoto nikatangulia njia ya zahanati, naye akanifuata. Amepewa dawa, anacheza.

Sikuandikii ili unisamehe. Nakujulisha tu kwamba moto tumeuhamishia nje, kwenye kibanda, na gunia nimelichoma. Dirisha nimelipanua upande ule wa kitanda cha Yonas. Baridi inaingia usiku kucha. Mama yako hanyanyuki kulifunga, wala mimi.

Baba yako