Picha Mbili za Mwisho na Mpunga wa Mama

Wifi yangu mpendwa Salome,

Nakusalimu katika Bwana. Sisi huku Kulesa wazima. Mama kifua humbana asubuhi, lakini kanisani anafika. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, maana neno lililomo humu siwezi kumpa mtu aniandikie. Usinicheke mwandiko, unajua niliishia darasa la nne.

Unaikumbuka siku ya leso? Ulikuwa mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia. Mwenye duka la nguo kule Garsen alimwambia kaka yako anataka picha ya kutundika ukutani: mwanamke amevaa leso mpya, amesimama ndani ya mtumbwi, jua linammulika. Jua! Wiki nzima hatukuliona. Lakini kaka yako alikuwa na kamera yake ya sanduku na filamu ya picha nane, na sura ya kupigwa picha, yako wewe, ilikuwa humo humo nyumbani. Basi asubuhi tukachukua mtumbwi wa Mama, tukaenda nao pale mto unapopinda, chini ya migomba.

Mvua ikinyesha unazivua leso za watu mbio, unabaki na gauni lako, mimi nazifunga ndani ya turubai. Ikikatika unajifunga tena, unapanda mtumbwini, kaka yako anainama, na kabla hajabonyeza, manyunyu hayo. Kazi yangu ilikuwa mwavuli, tena juu ya kamera, si juu yangu.

"Salome, usicheke, picha itatikisika!"

"Nisicheke vipi, Kaka, na mkeo kasimama kama uyoga?"

"Uyoga huu ndio unaokupikia," nikakujibu, nawe ukacheka zaidi. Picha moja ikaharibika hapo hapo.

Adhuhuri zilikuwa zimebaki picha mbili. Mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani kuwaletea uji, na Mama akanikuta jikoni. Akaniambia, "Mwambie Salome alete mtumbwi sasa hivi. Maji ya juu yanashuka, nivune mpunga wangu." Nikarudi. Nilipofika, mawingu yalikuwa yanaachana na kaka yako anachezacheza kwa furaha. Ukaniuliza, "Wifi, Mama anasemaje kuhusu mtumbwi?"

Nikasema, "Amesema mpaka jioni, hakuna haraka."

Ndilo neno lenyewe, Salome. Mama hakusema hivyo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenu, na mimi ni Mgiriama, mtoto wa nyika. Kwetu mvua ikikatika, imekatika. Sikujua kuwa mto unaweza kujaa chini ya jua, kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na macho yetu. Nilidhani Mama anaogopa bure, na nilitaka mume wangu apate jua lake.

Tuliporudi, Mama alikuwa amesimama majini, kisu mkononi, na mpunga unaonekana vichwa tu. Mpunga ule aliulinda na ndege tangu ulipotoa masuke. Akaitazama leso kiunoni mwako.

"Mama, si ulisema mpaka jioni?" ukamwuliza.

"Na uongo pia, Salome?"

Ukanigeukia nikushuhudie. Mimi nikatazama maji. Hata sasa nikifumba macho kusali, huo uso wako ndio unaonijia.

Mwezi haukuisha ukaenda Mombasa kwa shangazi. Huu ni mwaka wa nne. Unamwandikia kaka yako, Mama humtaji, na Mama naye akisomewa barua zako hutoka nje kuangalia kuku. Wewe unaamini mama yako alikana neno lake mbele ya watu. Yeye anaamini amezaa mwongo. Nami nimewapikia, nimeimba kwaya, nimenyamaza.

Jumapili iliyopita ilikuwa meza ya Bwana. Mkate ulipofika kwangu sikuweza kunyoosha mkono. Nilitoka, nikamngoja Mama nyumbani, na alipokaa kupepeta nikamwambia yote. Kaka yako alikuwa mlangoni, naye ndiyo kwanza anasikia.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliushika ungo, akasema, "Miaka yote hii nimemwita mwanangu mwongo." Baadaye sana akasema, "Mwandikie aje. Lakini usimwambie nimelia."

Salome, amelia. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika, kuku wakaja wakala mbele yake na hakuwafukuza.

Tuma neno siku utakayosafiri, kaka yako atakungoja Garsen. Kama hutaki kuniona, niambie bila kuona haya. Nitakwenda kwetu mpaka ukae na mama yako ushibe. Msamaha nimeuomba kwa Mungu, ila najua wa kwako ni lazima niuombe kwako. Ndio huu ninaouomba.

Mimi mke wa kaka yako,
Wifi yako