Elektroni Nilizozihesabu Mara Mbili

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumai nyote hapo mtaani Shika Adabu mu wazima, na kwamba goti lako limepoa, sasa unakwenda msikitini bila kushikwa mkono. Mama naye, presha yake ikoje? Mwambie nakula, na lile sweta alilonifumia Dada Mwanaisha nalivaa hata kitandani. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Kisicho kizima ni hayo nitakayokueleza.

Baba, naona haya. Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nikajikuta naandika habari za theluji.

Unaikumbuka barua ya baada ya Idi, niliyoandika kwamba hesabu zangu zimekamilika na profesa amezisifu mbele ya wageni? Najua uliisoma barazani baada ya sala ya Ijumaa, kama uzisomavyo zote. Dada aliniandikia kwamba Mama alipika pilau, na majirani wakaja kuniombea dua. Dua ile niliipokea kwa uongo.

Kazi yangu ni kutafuta kwa hesabu vile atomu zinavyokuwa zikibanwa pamoja katika joto kali, kama ndani ya jua. Kwa kawaida kila atomu huzishika elektroni zake. Atomu zikibanwa sana, baadhi ya elektroni huchopoka zikawa za wote. Taabu ni zile za katikati, hazijashikwa wala hazijaachiwa, maana elektroni si punje ya mchele useme iko hapa. Imetanda kama moshi wa udi chumbani. Nina fomula moja ya zilizoshikwa na nyingine ya zilizo huru, na zile za katikati nilizitia kote kuwili.

Najua utacheka. Ulipokuwa karani pale bandarini Kipevu ulinichukua siku za likizo, ukanionyesha kontena linaloning'inia kwenye kreni. "Karani wa meli akiliandika na wa yadi akiliandika, lishakuwa mawili hilo," ulisema. "Ngoja litue, mwanangu." Nami nimesafiri mpaka Ujerumani kuja kufanya kosa la kreni!

Lakini si kosa linaloniaibisha. Ni kwamba niliona. Atomu ya alumini ina elektroni kumi na tatu, hata mtoto wa sekondari anajua. Siku chache baada ya barua ile, kompyuta ikanitolea kumi na tatu na nusu. Ile nusu nikaifuta kwa mkono wangu, kimya kimya, kwa sababu barua ya kujisifu nilikuwa nimeshaituma nyumbani.

Mwezi uliopita watu wa maabara walipima kwa vyombo vyao, na vipimo vikazikataa hesabu zangu. Profesa akatuita, mimi na Danuta, msichana wa Kipolandi anayenitayarishia majedwali ya namba ninazoanzia hesabu. Danuta huyu ndiye aliyenipa koti nilipofika huku na shati la mikono mifupi. Profesa akauliza kosa liko wapi. Nikasema labda liko kwenye majedwali. Wallahi Baba, neno lilinitoka kabla sijalipima. Hapana, nisikudanganye tena: nilikuwa nimelipima.

Danuta hakubisha. Wiki mbili aliyarudia majedwali yote, akitafuta kosa lisilokuwepo, mpaka macho yakawa mekundu. Juzi profesa alimwondoa kwenye kazi hii, na huenda akarudi kwao bila shahada. Alipokuwa anafunga makaratasi yake akaniambia, "Nisamehe, nimekuharibia kazi." Nikamjibu, "Usijali." Nilimjibu hivyo, Baba, na koti lake nimelivaa.

Msalimie Mama, uniombee radhi kwake kwa ile pilau. Msalimie Dada Mwanaisha, na mwalimu wangu wa hesabu ukimwona sokoni, ingawa sijui utamtazama vipi. Ijumaa isome barua hii barazani kama zile nyingine. Usiruke mahali, hata Mama akilia.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa profesa, kisha kwa Danuta, niwaeleze yote. Najijua, Baba, naweza kufika mlangoni nikageuka. Ndiyo maana naitia barua hii posta leo. Ikishaondoka, nikinyamaza kesho, utakuwa unawasomea majirani ahadi ya mwongo, kwa sauti yako mwenyewe.

Mwanao akuoneaye haya,
Salim